Injini Itakayobeba Wawili

Lipo swali moja ambalo likiulizwa sebuleni baada ya saa tatu usiku, runinga imezimwa na watoto wamelala, ujue hapo pana jambo. Swali lenyewe linaanza na neno "ingekuwaje". Ingekuwaje kama ungeikubali ile kazi ya Dodoma? Ingekuwaje kama tungejenga kwanza, harusi ikafuata? Ingekuwaje kama ningesubiri kidogo kabla ya kukukubalia? Wengi wetu hulijibu kwa kununa, au kwa kukumbuka ghafla kwamba kesho tunaamka mapema.

Mwezi huu nawaletea watu ambao swali hilo hawalikimbii. Wamelifanya starehe yao ya wikiendi. Ni mafundi wa modeli za ndege.

Mafundi hawa hununua boksi lenye vipande vya plastiki vya ndege ya kivita iliyopunguzwa mara 72 au mara 48. Wanakata, wanapiga msasa, wanagandisha na kupaka rangi mpaka ndege inatokea. Wengine hawaridhiki kuitengeneza ilivyokuwa. Wanatengeneza ile ambayo haikuwahi kuwepo lakini ingeweza kuwepo: nchi ambayo haikuwahi kuinunua sasa inayo, vita vilivyokwisha vimeendelea mwaka mmoja zaidi, na, kinachopendwa kuliko vyote, injini ya kiwandani imeng'olewa na kufungwa nyingine. Fundi akipatia, mtu anayezijua ndege anasimama mbele ya kabati, anakunja uso na kuuliza, "Hivi hii ilikuwepo kweli?" Kwa fundi, sifa hiyo haina mfano.

Mmoja wao ni rafiki yangu. Anaishi Kilindoni, kisiwani Mafia, ni mtumishi wa umma, mkewe ni muuguzi, wana watoto wawili. Tulisoma naye chuo na amekuwa kama kaka yangu, kwa hiyo mkewe ananiita wifi, nami sina ujanja ila kusikiliza pande zote mbili. Maboksi yake huletwa na wasafiri, gundi nzuri inasakwa Dar kama dawa, na meza ya kulia chakula imegeuka karakana.

"Wifi," mkewe aliniambia kwenye simu, "mimi sina wivu na wanawake. Nina wivu na Sopwith."

Nilicheka, ila hakuwa anatania sana. Mumewe alikuwa amepata ofa ya kazi Dar es Salaam, cheo kikubwa na mshahara mkubwa, na jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Kila mama akitaka waongee, baba yuko mezani anachagua injini. Basi nikamuuliza kaka yangu: hiyo Sopwith ndiyo kitu gani? Nilitegemea dakika tano. Nikapewa saa nzima. Nawapeni saa hiyo kwa ufupi, maana jibu la mke wake lilikuwa ndani yake.

Vita vya injini

Kanuni ya kwanza ya kazi hii: ukitaka kubadilisha injini, tafuta ndege ambayo injini yake halisi ilishindwa. Kubandika injini kubwa kwenye ndege iliyokuwa inaruka vizuri ni mbwembwe tu. Mafia wanayo ndege iliyoshindwa, na kisa chake ni cha pwani yetu wenyewe.

Septemba 20, 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezewa mitambo yake. Manowari ya Kijerumani Königsberg ikaikuta hapo na kuizamisha. Haikuchukua muda, Königsberg nayo ikaharibikiwa na injini. Nahodha wake, Max Looff, akaiingiza ndani ya delta ya Rufiji, na vyuma vilivyovunjika vikasafirishwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza wakajua ilikojificha. Lakini kujua ni jambo moja na kuifikia ni jingine: meli zao kubwa hazikuweza kupita kwenye maji yale mafupi, na mikoko iliwaziba macho. Walihitaji jicho la juu.

Jicho la kwanza lilikuwa la raia, H. Dennis Cutler, aliyeletwa kutoka Durban na ndege yake aina ya Curtiss, ile ambayo tumbo lake ni mashua. Novemba 1914 akaanza kuruka kutoka kisiwa cha Nyororo, kaskazini mwa Mafia. Rejeta ikavuja. Ya akiba haikuwepo, ikatafutwa Mombasa, na iliyopatikana ilikuwa ya gari la Ford. Wakaifunga. Kwa hiyo, msomaji, muda mrefu kabla rafiki yangu hajanunua boksi lake la kwanza, ndege ya kivita yenye kifaa ambacho kiwanda hakikukipanga ilishapaa juu ya bahari yetu. Cutler aliiona Königsberg. Desemba ndege ikalazimika kutua ndani ya delta, naye akatekwa.

Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, na Februari zikafika Nyororo ndege za majini za Sopwith 807. Hizi ndizo zinazomnyima wifi yangu usingizi.

Sopwith 807 ilikuwa na injini ya Gnome Monosoupape, nguvu za farasi 100. Ilikuwa ya aina ya kuzunguka. Usifikirie injini ya gari. Hapa silinda zote zimepangwa duara na zinazunguka zenyewe pamoja na pangaboi, zikijipoza kwa upepo wa mbio zao, huku zikirusha nje mafuta ya mbarika ya kulainishia. Ni nyepesi na haina rejeta. Kwenye baridi ya Uingereza ilitosha.

Kwenye joto la Mafia haikutosha. Hewa ya joto ni nyepesi, na wepesi huo unaiibia ndege mara tatu: injini inavuta hewa haba, kwa hiyo inatoa nguvu haba, pangaboi linasukuma hewa haba, na bawa linaegemea hewa haba. Sopwith ikagoma kunyanyuka na mzigo wake wote. Ilipopunguziwa mafuta, ikaachiwa mabomu na mpelelezi wa kiti cha pili, ndipo ilipoweza kuondoka majini. Joto na unyevu vikalegeza mpaka gundi ya mbao zake.

Hebu rudia hapo kidogo. Hii ilikuwa ndege ya watu wawili. Kazi yenyewe ilikuwa ya watu wawili: mmoja anaendesha, mwingine anatazama na kuandika anachokiona. Injini ikaweza kumbeba mmoja.

Injini nne mezani

Swali la rafiki yangu basi lilikuwa hili: ingekuwaje kama Sopwith iliyofika Nyororo Februari 1915 ingekuja na injini nyingine? Ikipunguzwa mara 72, ndege hiyo ina upana wa sentimita 15 hivi kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, sawa na kalamu. Injini yake ni kama kifungo cha shati. Juu ya kifungo hicho palikuwa na mjadala wa wiki tatu.

Mgombea wa kwanza alikuwa Clerget ya nguvu za farasi 130, ile iliyosukuma Sopwith Camel mwaka 1917. Inavutia. Nayo ni ya kuzunguka, haina rejeta, inaingia puani bila kukata sana plastiki, na kiwanda ni kilekile. Lakini Februari 1915 haikuwa bado kwenye ndege za vita. Ukiifunga, umemletea Cull na wenzake msaada kutoka miaka ya mbele. Flight Lieutenant John Cull ndiye aliyekuwa na zile Sopwith, na yeye alikuwa na kalenda ya 1915 tu. Ikatoka.

Mgombea wa pili, Sunbeam Nubian ya nguvu za farasi 150. Hii ni injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, inapozwa kwa maji. Umri unaruhusu, nguvu zipo. Tatizo ni mwili. Ni ndefu, ni nzito, na inamtaka mwenyeji mkubwa. Kampuni ya Short iliifunga kwenye ndege yake ya majini 827, yenye mabawa ya zaidi ya mita 16. Ndege hiyo tunayo kwenye historia yetu: nne kati yake walipewa Wabelgiji, wakazipeleka hadi Ziwa Tanganyika, na mwaka 1916 zikaishambulia Kigoma kwa mabomu. Sopwith 807 ina mita 11 tu. Ukiifunga Nubian, pua inazama. Itabidi usogeze mabawa mbele, uongeze maboya, uimarishe mbavu. Ukimaliza, ulichonacho si Sopwith tena, ni Short iliyodhoofika. Ikatoka.

Wa tatu aliletwa na mtoto wao wa kiume. "Baba, weka ya ndege ya hapa!" Alimaanisha Cessna Caravan, zile zinazotua Kilindoni na watalii wanaofuata papa potwe. Caravan hutumia injini ya Pratt & Whitney PT6, na aina ya 208B imewahi kufungwa ya nguvu za farasi 675, wakati uzito wa injini yenyewe haupishani sana na wa ile Gnome ya 100. Baba alitabasamu, akamweka mtoto magotini na kumwonyesha mabawa: fito za mbao, kitambaa, nyaya. Nguvu zote zile zikiamka, kitakachopaa ni injini peke yake.

Akabaki wa nne: Canton-Unné, kazi ya mainjinia Georges Canton na Pierre Unné, iliyotengenezwa Ufaransa na kampuni ya Salmson. Nguvu za farasi kati ya 130 na 140. Silinda zimepangwa duara kama Gnome, kwa hiyo zinakaa puani bila kurefusha ndege, ila hazizunguki na zinapozwa kwa maji. Umri wake unaruhusu. Sopwith wenyewe walishawahi kufunga Salmson kubwa zaidi kwenye moja ya ndege zao za mashua mwaka 1914, kwa hiyo mafundi wa kiwandani wangejua pa kuanzia. Short nao walikuwa na ndege moja yenye majina mawili: ikifungwa Sunbeam ni 827, ikifungwa Canton-Unné ni 830. Maana yake viwanda vyenyewe vilikuwa vinacheza mchezo huu wa ingekuwaje, tena kwa pesa za serikali.

Na kuna ushahidi mkubwa zaidi. Juni 1915, baada ya ndege za Short zenye Gnome ya 160 kuja na kuonekana nazo haziwezi kupanda juu vya kutosha, Mafia ililetewa ndege za nchi kavu: Caudron mbili, na Henri Farman mbili za fremu ya chuma. Zile Farman zilikuwa na Canton-Unné. Hilo ndilo lililomaliza ubishi. Injini ambayo rafiki yangu aliipeleka Nyororo Februari ilifika Mafia kweli miezi minne baadaye, ikiwa imefungwa kwenye ndege nyingine.

Rejeta inakaa wapi?

Hapa ndipo mwanafunzi anapotengana na fundi. Mwanafunzi anabadilisha pua, anapaka rangi, anapiga picha. Fundi anajiuliza: hii injini imekuja na nini kingine?

Canton-Unné ina maji, na penye maji pana rejeta. Kila lita ya maji ni kilo moja ambayo Gnome haikuwa nayo. Rafiki yangu akakata vipande viwili vya plastiki nyembamba, akavichora mistari kwa ncha ya sindano, akavisimamisha ubavuni mwa ndege, kushoto na kulia. Sasa rubani amezibwa kidogo pembeni. Injini yenye nguvu zaidi inakunywa zaidi, kwa hiyo tangi likaongezwa. Mzigo umeongezeka, kwa hiyo maboya yakaongezwa unene kwa puti na msasa. Pangaboi lililotosha nguvu 100 halitoshi 140, likachongwa jipya. Mwisho akarudisha kile kilichokuwa lengo la safari yote: kiti cha pili, na mtu ndani yake.

Ndege ikawa nzito zaidi, mbaya kidogo wa sura, na ya kuaminika. Ukiiangalia unaona kila kilichopatikana na kila kilicholipwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nchi hii ina mfano hai wa jambo hilo. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilizaliwa na injini za mvuke, na miaka ya 1970 ikafungiwa za dizeli. Ganda ni la Wajerumani, moyo ni mwingine. Hakuna anayesema si Liemba. Lakini mitungi ya mvuke ilitoka, matangi ya dizeli yakaingia, na wale waliojua kazi moja walitakiwa wajifunze nyingine. Injini haibadilishwi peke yake.

Waliobeba

Acha nimalizie kisa cha delta, kwa sababu mwisho wake una uzito.

Königsberg ilipigwa na meli mbili, Severn na Mersey. Zilijengwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, ziende zikahudumu kwenye mito ya Amazon. Vita vilipokaribia mwaka 1914 Waingereza wakazichukua, na kwa kuwa zilihitaji maji kidogo tu kuelea, zikajikuta Rufiji. Shambulio la kwanza lilikuwa Julai 6, 1915, halikumaliza kazi. La pili lilikuwa Julai 11.

Siku hiyo Cull aliruka na Flight Sub-Lieutenant H. J. Arnold kwenye Henri Farman. Kutoka Kilindoni hadi ilipokuwa manowari ni kama kilomita 45 hivi. Cull aliendesha, Arnold akatazama makombora yanapoangukia na kutuma ishara za redio: mbele kidogo, kushoto kidogo. Wajerumani wakaipiga ndege. Injini ikaharibika. Cull akaanza kuishusha ndege taratibu bila nguvu, na wakati inashuka Arnold aliendelea kutuma masahihisho mpaka makombora yakapata shabaha. Wakaangukia mtoni karibu na Mersey, wote wawili wakaokolewa. Königsberg ikaangamia siku hiyo hiyo.

Hakuna kitu kinachoeleza vizuri zaidi kwa nini kiti cha pili kilikuwa na maana. Ndege ya mtu mmoja isingeifanya kazi ile, hata ikiwa na mbio mara mbili.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi ya Königsberg, wakaifunga magurudumu, na ikaendelea kupigana nchi kavu. Ilivutwa na kusukumwa na Waafrika kwenye tope na pori, maelfu ya wapagazi, katika vita vilivyoendelea hadi Novemba 1918. Mmoja wa mizinga hiyo unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa. Majina ya walioivuta huyaoni pale.

Rafiki yangu alilijua hilo, na ndiyo maana kwenye kibao cha chini ya modeli yake hakuandika "Ushindi". Aliandika tarehe tu na mahali. "Dada," aliniambia, "hata hii injini yangu ingewahi Februari, mizinga ingebaki ileile kumi, na kuna mtu angeibeba. Unapobadilisha kitu, lazima uulize mzigo umekwenda kwa nani."

Nikamwambia, kaka, hayo maneno umeshamwambia mkeo?

Kimya.

Karatasi ya nyuma ya maelekezo

Alimwambia usiku uleule. Najua kwa sababu wifi alinipigia asubuhi. Walichukua karatasi ya maelekezo iliyotoka kwenye boksi, wakaigeuza, wakachora mstari katikati. Upande mmoja wakaandika injini mpya inaleta nini: mshahara, cheo, shule nzuri zaidi, hospitali kubwa. Upande wa pili wakaandika rejeta: kodi ya nyumba, saa tatu za foleni kwa siku, uhamisho wa mke ambao haujulikani utatoka lini, mama mkwe anayebaki Utende peke yake, nauli ya kivuko cha Nyamisati kila mwisho wa mwezi.

Halafu mke akauliza swali ambalo mumewe alikuwa amelitumia kwa wiki tatu kwenye kitu chenye ukubwa wa kifungo.

"Baba watoto, hiyo injini ya Dar itabeba wangapi?"

Wakapiga hesabu bila kuoneana aibu. Mwaka wa kwanza ingebeba mmoja. Wengine watatu wangebaki gatini wanapunga mikono. Mume akaiomba ofisi ile isogeze tarehe ya kuanza hadi uhamisho wa mke utakapotoka. Ofisi ikasema haiwezekani. Akaikataa kazi.

Nisikudanganye kwamba wanaimba kwa furaha. Mwezi uliofuata ada ya shule iliwabana, na wifi aliniambia kwa sauti ya chini, "Mume ninaye, wifi, ila shule bado ni ileile." Siku nyingine mume anawaza ule mshahara anapopaka rangi. Wamelipa bei. Tofauti ni kwamba wameilipa wote wawili wakiiona, na hakuna anayemwambia mwenzake, "Wewe ndiye uliyenikwamisha." Wangeamua kwenda, nisingewalaumu pia. Kuna nyumba ambazo mtu kutangulia mwaka mmoja ndiyo njia pekee, na karatasi ileile ingewaonyesha hivyo.

Kanuni tano za kuchukua nyumbani

Nimeziomba kutoka kwa fundi mwenyewe, nikazisogeza kidogo sebuleni.

Moja: taja kwanza kilichoshindikana. Sopwith haikuwa na tatizo la mbio, ilikuwa na tatizo la kunyanyua. Wapenzi wengi wanataka kubadilisha kazi, mji, hata mwenzi, kabla hawajasema kwa sentensi moja kinachowaumiza.

Mbili: heshimu kalenda. Usimhukumu mwenzako wa mwaka 2015 kwa mambo mliyoyajua 2020. Clerget haikuwepo bado. Mlichagua kwa kilichokuwa mezani siku ile.

Tatu: pima mwili kabla ya injini. Kuna biashara nzuri sana ambayo kwa kipato chenu na umri wa watoto wenu itazamisha pua. Si mbaya, ni ya ndege nyingine.

Nne: chora rejeta. Kila faida unayoitamani, mchoree kifaa chake cha kuipoza na uonyeshe kinakaa ubavu gani. Akina kaka, "nitakuwa nawahi nyumbani" si rejeta. Akina dada, "tutajua mbele kwa mbele" nayo si rejeta.

Tano: hesabu viti, kisha uliza nani anabeba. Dada wa kazi, mama mzazi, mtoto mkubwa anayelea wadogo, hao ndio wapagazi wa ndoto zetu nyingi. Kama mzigo umewaangukia wao, majina yao yawepo kwenye karatasi.

Kwa wale ambao wametamani kujaribu modeli yenyewe, nenda taratibu. Anza na boksi dogo la bei nafuu. Kwa tunaoishi pwani, usipake rangi siku ya mvua za masika, unyevu utaifanya iwe na ukungu. Funika gundi mara moja, hewa ya bahari haina simile, na Sopwith za 1915 ni mashahidi. Fungua madirisha, vaa barakoa unapopiga msasa. Na meza ya kulia chakula irudishwe kabla ya saa moja jioni. Hiyo ya mwisho imeongezwa na wifi, nami nimeahidi kuichapisha kama ilivyo.

Wikiendi hii basi, kabla hamjazima taa, chukueni karatasi moja na kalamu moja, mpige mstari katikati. Mkigundua injini mnayoitamani inabeba mmoja tu, zungumzeni sasa, mkiwa bado mmekaa gati moja.

Tukutane mwezi ujao.